Nauli ya Rufilla

Sehemu ya Sita: Ladha ya Shaba

Juma lililopita tuliiacha nyundo ya Hilarus hewani. Ilishuka.

Ilishuka kama zilivyoshuka mamia ya nyingine siku ile, lakini mlio wake ulikuwa mbaya. Badala ya kulia, iliguna. Trebius, mchonga mihuri, aliinua kichwa kutoka kwenye benchi lake. Mtu aliyekaa miaka ishirini na miwili kwenye karakana ya sarafu hapa Roma hahitaji macho kujua kwamba sarafu imeharibika.

Hilarus alichukua koleo, akaitoa sarafu kwenye fuawe, akaigeuza. Akaigeuza tena. Halafu yule mtu ambaye hakuwahi kufunga mdomo tangu siku alipoachwa huru na bwana wake, akanyamaza.

"Mzee Trebi," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Njoo umwone mkeo."

Trebius alisogea. Upande wa mbele wa ile dinari ulikuwa na uso wa Juno, mungu mke anayelinda fedha ya Roma, na shungi lake kichwani, kama kawaida. Upande wa nyuma ulitakiwa uwe na jagi na kisu cha kafara, ili dunia nzima ione jinsi wakubwa wetu wanavyoicha miungu. Jagi halikuwepo. Kisu hakikuwepo. Kulikuwa na uso uleule wa mbele, ila huku ulikuwa umezama ndani ya fedha, kama mtu aliyelalia uso kwenye udongo mbichi kisha akaondoka.

Kosa lenyewe ni la kawaida. Sarafu iliyotangulia ilikuwa imeng'ang'ania kwenye muhuri wa juu, na Hilarus, kwa uchovu, hakuangalia. Akaweka kipande kingine, akagonga, sarafu ikaipiga chapa sarafu mwenzake. Kila mgonga nyundo ameshalifanya kosa hilo. Inayeyushwa, watu wanacheka, kazi inaendelea.

Lakini nani alishalifanya siku ya tisa ya wafu?

Siku hizo tisa za Februari, milango ya mahekalu hufungwa na moto wa madhabahu huzimwa. Miungu hugeuza nyuso zao pembeni, ili wafu wapate kuja kula chakula chao bila kuona haya. Haoi mtu, hachinji mtu kafara. Na toka Roma iwe Roma hakuna aliyethubutu kuugonga uso wa mungu kwenye fedha siku hizo. Ila amri ilitoka juu. Askari walikuwa wanadai mishahara, na wakubwa wanawaogopa askari kuliko wanavyoiogopa miungu. Basi mafundi wakaambiwa wapitie mlango wa nyuma, kwenye choo, na wasiseme neno huko nje.

Hilarus alihama upande wa kushoto wa fuawe, sarafu mkononi. Akahama kulia.

"Ananifuata," alisema. "Nikienda huku ananitazama. Nikija huku ananitazama. Mkeo alipokuwa hai hakunitazama hivi hata siku ile nilipomaliza sufuria yake yote ya dengu."

Trebius aliichukua. Ni kweli. Ule uso uliozama uligeuka naye. Na juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na lile kovu dogo.

Hapo ndipo kwenye siri yake. Alipoamriwa achonge Juno mpya, Trebius hakuchonga mungu yeyote. Alimchonga Rufilla wake, aliyekufa kwa homa wakati wa mavuno ya zabibu. Alimchonga usiku na mchana kwa kumbukumbu tu, pua yake, shingo yake, kovu lake. Msimamizi Cossutius akaupokea ule muhuri, akautazama, akasema Juno ametokea vizuri. Na huyo Cossutius alishamwona Rufilla mara hamsini, akimletea mumewe chakula cha mchana pale mlangoni. Wakubwa hawaangalii uso wa mwanamke aliyebeba sufuria.

Viatu vyenye misumari vikasikika kwenye ngazi.

"Anakuja," Hilarus alisema.

Trebius hakuwa na mfuko wala muda. Aliitia sarafu mdomoni.

Cossutius aliingia akiwa amevaa joho safi, akauliza kwa nini nyundo imelala. Alimuuliza Trebius. Trebius alimtazama tu, shavu limetuna.

"Jino, bwana mkubwa," Hilarus alidakia. "Limemvimba tangu jana. Akifungua mdomo hapa, tutakimbia wote kwa harufu."

Cossutius alisema jino ni la kung'oa, si la kuuguza. Akasema kazi iendelee mpaka kikapu kijae. Yeye mwenyewe jioni angetoka kidogo kwenda kwenye kaburi la wazazi wake, kwa sababu yeye ni mtu anayewaheshimu wafu wake. Alisema hivyo bila hata kikohozi, akapanda ngazi.

Trebius hakuisikia ile sehemu ya mwisho. Ulimi wake ulikuwa umefika kwenye ukingo wa sarafu, mahali pigo lilipoupasua. Fedha haina ladha. Ameilamba miaka ishirini na miwili, anajua. Hii ilikuwa na ladha. Ilikuwa na ladha ya damu.

Aliitema kiganjani. Akachukua tindo, akakwaruza pale kwenye ufa.

Chini ya fedha palikuwa pekundu.

Fedha yenyewe ilikuwa gamba tu, jembamba kama ngozi ya kitunguu. Alichota sarafu nyingine kikapuni akaikata. Nyekundu. Akakata ya tatu. Hilarus alisimama na nyundo yake, hakushangaa.

"Wewe ulijua?"

"Niliisikia," Hilarus alijibu. "Tangu wakati wa zabibu vipande vinavyoletwa havilii. Vinaguna. Mimi ni mkono wa nyundo, mzee. Ningekwenda kusema kwa nani? Kwa yeye anayevileta?"

Tangu wakati wa zabibu.

Trebius alikaa chini, palepale kwenye majivu. Siku alipofariki Rufilla, Cossutius alimwita pembeni, akamtia kiganjani dinari mpya inayong'aa, akamwambia amwekee marehemu mdomoni, ampe mvushaji wa mto wa wafu, avuke salama. Trebius alilia. Aliubusu mkono wa yule mtu. Akaiweka ile dinari kwa vidole vyake mwenyewe juu ya ulimi wa mkewe, akamfunga taya kwa kitambaa.

Shaba. Alimpa mkewe shaba.

Sasa akaelewa zile nyayo.

Kila asubuhi tangu mazishi, sakafu ya chumba chake huwa na nyayo zilizolowa, kutoka mlangoni hadi kando ya kitanda. Ni nyayo za mtu mmoja, ndogo, na mguu wa kushoto unaburuta. Rufilla aliburuta mguu wa kushoto tangu alipokanyagwa na mkokoteni wa mawe. Trebius alidhani amemkosea mkewe jambo. Alimwomba radhi kwa kila alilokumbuka, hata kwa sahani aliyoivunja mwaka walipooana. Kumbe mwenzake hakuwa na ugomvi naye. Mwenzake alikuwa ametoka mtoni. Alikuwa amesimama ukingoni, maji yamemfika vifundoni, kila siku ananyoosha mkono wenye ile sarafu, na kila siku mvushaji anaikwaruza kwa ukucha, anamrudishia, anampakia mwingine.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho. Jua likizama, njia ya wafu hufungwa. Wa ng'ambo atabaki ng'ambo. Wa ukingoni aliyekwisha kukataliwa atakaa ukingoni mwaka mzima, na nani ajuaye kama mtu anaweza kuvumilia mwaka mzima mahali kama pale?

Rufilla alitakiwa apate fedha ya kweli kabla jua halijazama.

"Nenda," Hilarus, aliyeijua ile dinari ya mazishi, alimwambia. "Nitasema jino limepasuka."

Mlango wa nyuma, kwenye choo, ukafunguka na kufungwa.

*

Shida ni kwamba Trebius hakuwa na fedha ya kweli. Fundi wa sarafu hulipwa sarafu anazozitengeneza. Alimwaga kibweta chake chote sakafuni, akakata kila kipande. Vyote vyekundu. Mshahara wake wa miezi mitano ulikuwa shaba ya masufuria.

Aliyekuwa nayo ni mmoja tu. Orbia, dada yake Rufilla, aliyekaa chumba cha chini kwenye jengo lilelile, alikuwa na dinari ya bibi yao. Ya zamani, nzito, yenye wale mapacha wawili wa mbinguni juu ya farasi, mikuki mbele, nyota juu ya vichwa. Aliivaa shingoni ndani ya kijifuko cha ngozi. Kila mtu kwenye jengo aliijua kazi yake.

Trebius alimkuta analoweka mkate kwenye divai kwa ajili ya kaburi. Alimweleza yote, haraka, bila kukaa. Orbia aliendelea kuloweka mkate.

"Hii ni yangu mimi, shemeji," alisema alipomaliza kusikiliza. "Nimeitunza miaka thelathini nife nayo. Sina mtoto. Nikifa leo nani atanipa nyingine? Wewe? Utanipa hizo zako zenye moyo wa sufuria?"

Trebius alimwambia tu habari ya nyayo. Hajawahi kumwambia mtu. Alimwambia zinavyotoka mlangoni, na zinavyosimama kando ya kitanda.

Mikono ya Orbia iliacha mkate.

"Mguu wa kushoto unaburuta?"

"Unaburuta."

"Mimi nafuta yangu kila siku alfajiri," Orbia alisema. "Nilimtukana mwenye nyumba. Nilidhani dari linavuja."

Akaitazama sakafu yake. Halafu akavua kile kijifuko, akakitia mkononi mwa shemeji yake, akamkunjia vidole kwa nguvu kana kwamba vingeweza kubadili mawazo.

"Mwambie asininunie tena kwa ile shuka tuliyoigombania," alisema. "Na uwahi. Ukichelewa na hiyo, usirudi kwangu."

*

Jua lilikuwa limeshaanza kulala Trebius alipotoka lango la kusini. Barabara ya makaburi ilikuwa inamwagika watu wanaorudi mjini, vikapu vitupu, nyuso zimepoa. Kila kaburi lilikuwa na kigae chake mbele, na juu ya kigae chumvi, nafaka kidogo, mkate, maua ya zambarau.

Ukoo wa Rufilla hauchomi maiti. Unazika. Na juu ya kila kaburi lao kuna bomba la udongo linaloshuka mpaka kichwani pa marehemu, ili divai ya ndugu imfikie mdomoni. Trebius alipiga magoti. Akamwaga divai kwanza, akaisikiliza ikishuka. Akatoa dinari ya bibi, akawabusu wale mapacha wawili, akaiachia.

Iligonga ukuta wa bomba, ting. Ikagonga tena. Halafu ikafika, na mlio aliousikia haukuwa wa udongo wala wa mfupa. Ulikuwa wa fedha juu ya shaba. Masikio yake hayakosei.

Alisubiri. Hakujua anasubiri nini. Akaweka paji la uso kwenye jiwe.

"Panda, mama," alimwambia. "Usiangalie nyuma. Panda tu."

"Naona jino limepona," mtu alisema nyuma yake.

Cossutius alikuwa amesimama barabarani na shada la maua ya zambarau mkononi, peke yake. Kaburi la wazazi wake lilikuwa hatua chache mbele, la marumaru, na mlango kama wa nyumba.

Trebius aliinuka. Angeweza kuomba radhi. Mwaka jana angeomba. Badala yake alimfungulia kiganja, akamwonyesha ile sarafu iliyoharibika, ufa wake mwekundu juu.

Cossutius aliitazama sarafu upande wa mbele. Aliichukua akaigeuza. Uso uliozama ukamtazama. Akakisogeza kichwa chake kushoto. Akakisogeza kulia, polepole. Kwa mara ya kwanza alimwona yule mwanamke wa sufuria.

"Ulinipa moja kama hii nimzike nayo," Trebius alisema.

"Nilikupa. Wengine sikuwapa kitu."

"Ulijua ni shaba."

"Na marehemu atajuaje?" Cossutius aliuliza, wala hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuelewa kwa nini anasumbuliwa. "Homa ile iliua watu wangapi mtaani kwenu? Wote walizikwa na dinari mpya za mifukoni mwao. Umesikia hata mmoja amerudi dukani kulalamika? Aliye hai anaweza kukata sarafu, kupeleka kesi, kufanya fujo. Wafu hawana pa kushtaki, Trebi."

Akaitia ile sarafu ndani ya joho. Akasema ataiyeyusha mwenyewe. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, kana kwamba kati ya yale makaburi kuna mtu asiyetakiwa asikie.

"Na siku yoyote mtu akija kuuliza, kumbuka. Mimi sijui kuchonga. Sijawahi kushika patasi maishani. Ule uso uliowadanganya watu ni kazi ya mkono wako."

Aliweka maua yake kwenye kigae cha wazazi wake, akayanyoosha yakae vizuri, akageuka kurudi mjini.

Trebius alibaki anamtazama akienda. Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili juu ya mashamba. Barabara ilikuwa tupu sasa, mawe yake makavu, meupe. Siku kumi mvua haikunyesha.

Ndipo akauona wa kwanza.

Unyayo. Umelowa, unameta, hatua moja nyuma ya kisigino cha Cossutius. Kisha wa pili, mbele yake. Hakukuwa na mtu. Maji tu yalikuwa yanajiandika kwenye mawe, kulia, kushoto, kulia, kushoto.

Trebius aliutazama mguu wa kushoto. Haukuburuta. Si Rufilla. Alitaka kucheka kwa furaha: mkewe alikuwa amepanda.

Kicheko hakikutoka. Kutoka kaburi la jirani, la mwoka mikate aliyekufa kwa homa ileile, jozi nyingine ya nyayo ilishuka barabarani. Kisha nyingine, kubwa, za mwanamume. Kisha ndogo sana, mbili mbili, za kukimbia. Kulia kwa barabara, kushoto kwa barabara. Mawe yaligeuka meusi kwa maji, upana mzima, na ule weusi ukamfuata Cossutius taratibu, nyuma kidogo tu ya pindo la joho lake. Yeye hakugeuka. Alikuwa anapiga mluzi.

Trebius hakumwita. Nasema kweli, kinywa chake kilikuwa wazi na sauti ilikuwepo. Hakumwita.

Cossutius alifika kwenye kona ya misonobari. Akakata kona. Akapotea.

Na zile nyayo zikasimama.

Zilisimama zote kwa pamoja, kama watu waliosikia jina likitajwa. Trebius aliweza kuliona dimbwi likitulia juu ya mawe. Halafu vidole vya nyayo zilizokuwa nyuma kabisa vikaanza kugeuka. Vilivyofuata vikageuka. Walikuwa wamemsikia Cossutius pale makaburini, kila neno, na wamemwamini, kama walivyomwamini walipokuwa hai na kama tulivyomwamini mimi na wewe tulipopokea mishahara yetu. Mkono uliochonga ni ule pale.

Walianza kurudi.

Trebius alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa jiwe la Rufilla. Mdomoni ile ladha ya shaba ilikuwa imejaa upya. Alitaka kuwaambia kwamba hakujua. Ila alikumbuka jinsi alivyojisifu kwa ule uso.

Zilikuwa zimebakia hatua sita alipozisikia nyayo nyingine nyuma yake. Kutoka upande wa kaburi, taratibu, juu ya majani makavu. Hatua moja imara. Hatua moja ya kuburuta.

Nyayo zilizolowa zilimpita ubavuni, karibu hata baridi yake ikamgusa mkono. Zilishuka barabarani na kusimama mbele yake. Visigino vilimwelekea yeye. Vidole viliwaelekea wale wengine.

Alikuwa hajapanda. Alikuwa na nauli mkononi, chombo kinasubiri, na hakupanda.

Kitu kikalia juu ya jiwe, mlio safi, wa fedha kamili. Trebius alitazama chini. Katikati ya nyayo za mkewe na nyayo za umati, ilikuwa imelazwa dinari ya bibi, imelowa, mapacha wawili juu ya farasi wao, nyota juu ya vichwa. Fedha moja ya kweli, na wao walikuwa zaidi ya mia.

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole kimoja.

Kwenye mstari wa mbele wa ule umati, jozi ndogo kuliko zote, za mtoto, zilisogea hatua moja kuelekea ile sarafu. Na nyuma ya zile ndogo, zote zilizobaki zikasogea nazo.